Kurudisha, Kutapishwa, Kuvuliwa: Uhakiki wa Tafsiri za Istilahi "Disgorgement"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri wa sheria hukutana nayo na kuyapita upesi kwa kudhani kwamba ameyaelewa, limo neno "disgorgement". Aghalabu hufasiriwa "kurudisha" au "kurejesha", na msomaji akasonga mbele bila ya kutambua kwamba amepotezwa njia. Neno lenyewe lina maana ya kumtaka mtu aliyepata faida kwa njia isiyo ya haki aiachilie faida hiyo, hata ikiwa hakuna mtu mwingine aliyepungukiwa na chochote kwa sababu yake. Jambo hilo ni mbali na kumrudishia mwenye mali mali yake, na ni mbali pia na kumlipa aliyedhurika kwa kiasi cha madhara yake. Maadamu Tanzania imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria kwa Sheria Na. 1 ya 2021, na maadamu Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, suala hili limetoka mikononi mwa watunga kamusi. Mtu anaweza kunyang'anywa nyumba, au akaachiwa nyumba, kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Asili ya neno hili ni koo. Kifaransa cha kale kilikuwa na "gorge", yaani koo, nalo limetokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya kizingia cha maji. Likitiwa kiambishi cha kutengua, hupatikana kitenzi cha kutoa kooni kile kilichokuwa kimemezwa. Kitenzi hicho kimo katika Kiingereza tangu mwishoni mwa karne ya 15, na kwa muda mrefu kilitumika kwa mambo ya kawaida kabisa. Mto ukimwaga maji yake baharini, Kiingereza husema umeyatapika. Mvuvi wa ndoana ana kijiti cha kumtolea samaki ndoana iliyozama kooni, na chombo hicho kinaitwa kwa jina la kitenzi hiki. Watengenezaji wa mvinyo wa Champagne hutumia neno la Kifaransa la shina hilo hilo kwa kazi ya kuondoa mashapo yaliyojikusanya shingoni mwa chupa. Katika matumizi yote hayo wazo la kurudi halimo. Mashapo hayamrudii mtu yeyote. Ndoana humrudia mvuvi, naam, lakini jina la kile kijiti halikutokana na kumrudia mvuvi. Limetokana na kumtoka samaki.

Katika sheria za masoko ya fedha neno hili ni geni kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Novemba 1963 wachimbaji wa kampuni ya Texas Gulf Sulphur walipata dalili za madini mengi karibu na Timmins, katika jimbo la Ontario, Kanada. Kabla ya habari hiyo kutangazwa rasmi mwezi Aprili 1964, baadhi ya wakubwa na wafanyakazi wa kampuni walikwisha kununua hisa kwa bei ya chini. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliwapeleka mahakamani, na mwaka 1971 mahakama ya rufani ikathibitisha amri ya kuwataka waiachilie faida waliyoipata. Kesi hiyo ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la utaratibu huu nchini Marekani. Hata hivyo, neno ambalo majaji wa 1971 waliliegemea lilikuwa "restitution", yaani kurudisha. Lile neno la koo lilikuja kushika nafasi yake baadaye, polepole, na mtu aweza kukisia sababu: palikuwa na kasoro katika kusema kwamba mtu anarudisha kitu ambacho hakukichukua kwa yeyote. Kosa ambalo mfasiri wa Kiswahili analifanya leo, basi, lilikwisha kufanywa na wenye lugha yao.

Kesi nyingine, ya zamani kidogo, huonyesha kasoro hiyo kwa uwazi zaidi. Sajini mmoja wa jeshi la Kiingereza aliyewekwa Cairo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akivaa sare yake na kupanda kwenye malori yaliyobeba vileo vya magendo, ili malori yapite bila ya kupekuliwa. Kwa kazi hiyo ya kukaa tu garini alilipwa jumla ya karibu pauni 20,000. Wakubwa wake walipozikamata fedha hizo, alikuwa na ujasiri wa kuishtaki Serikali ili arudishiwe. Kesi ilifika hadi katika Baraza la Malordi mwaka 1951, naye akashindwa. Fedha zikawa za Serikali. Sasa na iulizwe: Serikali ilikuwa imepoteza nini? Haikupoteza senti. Malori hayakuwa yake wala vileo havikuwa vyake. Kilichokuwa chake ni sare, na sare haikuondoka mwilini mwa sajini. Ikisemwa kwamba sajini "aliirudishia" Serikali fedha zake, patakuwa pamesemwa uwongo wa lugha, kwani fedha hizo zilikuwa hazijapata kukaa katika mkono wa Serikali hata siku moja.

Wanazuoni wa sheria wa Uingereza na Kanada waliligeuza jambo hili kuwa mjadala mkubwa. Peter Birks, katika kitabu chake cha 1985 juu ya sheria ya kurudisha, aliziweka pamoja chini ya jina moja faida iliyotolewa katika mali ya mlalamikaji na faida iliyopatikana kwa kumkosea tu. Mwaka 1992 Lionel Smith alipendekeza zitenganishwe: jina la kurudisha libaki kwa kitu kinachorejea kilikotoka, na "disgorgement" liwe jina la kitu kinachoachiliwa tu. Kiingereza huweza kuitaja tofauti hiyo kwa kubadilisha kijineno kimoja kinachofuata kitenzi cha kutoa, na pengine wepesi huo ndio uliowafanya wasomi wao wachelewe kuiona. Kiswahili hakina vijineno vya namna hiyo. Kina kitu bora, yaani mnyambuliko wa kitenzi.

Mtu akikitazama kitenzi "rudisha" kwa makini ataona kwamba kiambishi -ish- kimetiwa katika shina lenye mwelekeo. Kurudi ni kwenda ulikotoka. Kurudisha, kwa hiyo, ni kukifanya kitu kiende kilikotoka, na hakiwezi kitu kurudi mahali ambapo hakijapata kuwa. Akiongeza kauli ya kutendea, akapata "rudishia", ndipo jambo linapodhihirika zaidi: anayerudishiwa lazima awe ndiye aliyekuwa nacho. "Amemrudishia jirani yake jembe" haina maana nyingine yoyote isipokuwa kwamba jembe lilikuwa la jirani, au angalau lilitoka kwake. Kitenzi "rejesha" kina asili nyingine ya Kiarabu lakini kinabeba sharti hilo hilo, na mazoea ya magazeti ya kukiona kuwa cha kisheria zaidi hayana msingi wowote isipokuwa urefu wa sauti zake.

Mtetezi wa "kurudisha" anayo hata hivyo hoja moja, nayo haifai kupuuzwa. Shina "rudi" lina maana zaidi ya moja. Nguo ikifuliwa ikapungua, husemwa kwamba imerudi. Mzazi akimtia mwanawe adabu, husemwa kwamba amemrudi, na kutokana na maana hiyo kuna "marudi", yaani adhabu ya kumtengeneza mtu. Lugha imeyakusanya katika shina moja mambo ambayo wanasheria wa Marekani wamekuwa wakiyapigania kwa miaka mingi: je, anayeamriwa kuachilia faida yake anarudisha tu, au anarudiwa? Mwaka 2017, katika kesi ya Kokesh, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema kwamba amri hiyo, kwa mintarafu ya muda wa kufungua mashtaka, ni adhabu, na hivyo ukomo wake ni miaka 5. Walitoa sababu kwamba kosa hulitazamwa kuwa limetendwa dhidi ya umma, kwamba nia ya amri ni kuwatisha wengine, na kwamba fedha haziwafikii waliodhurika siku zote. Mwaka 2020, katika kesi ya Liu, majaji 8 kati ya 9 walikubali kwamba amri hiyo yaweza kuwa ya haki na si ya adhabu, mradi isizidi faida halisi baada ya kutoa gharama za kweli, na mradi itolewe kwa ajili ya waliodhurika. Jaji Thomas peke yake alishikilia kwamba hicho ni kitu cha karne ya 20 kisichokuwa na mizizi katika mahakama za haki za zamani. Mwezi Januari 2021 Bunge la Marekani likaliandika neno lenyewe katika sheria, na kuongeza muda hadi miaka 10 kwa makosa fulani yaliyotendwa kwa kukusudia.

Kwa hiyo mtetezi anaweza kusema: ikiwa Wamarekani wenyewe hawajui kama ni kurudisha au kurudi, kwa nini Kiswahili kisitumie shina linalobeba yote mawili? Hoja hii ni ya kupendeza, na katika shairi ingetosha. Katika sheria ni hatari. Utata unaompa mshairi nguvu humpa wakili mwanya. Fauka ya hayo, "kurudisha" katika matumizi ya leo imekwisha kuipoteza ile maana ya adabu. Hakuna msomaji wa gazeti atakayeona "afisa amerudisha fedha" akafikiri kwamba afisa ametiwa adabu. Atafikiri kinyume, kwamba afisa ametenda wema. Huo ndio ubaya mkubwa wa tafsiri hii. Humvika mkosaji joho la mtu mwaminifu aliyeokota mkoba njiani akaupeleka kwa mwenyewe.

"Fidia" haihitaji maneno mengi. Asili yake ni ukombozi, na kipimo chake ni hasara ya aliyedhurika. Mtu hawezi kudai fidia ya faida ya mwenzake. Lakini hapa ndipo sheria za Kenya zinapomtia mfasiri majaribuni, kwani Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003 ina vipimo vitatu vinavyokaribiana sana. Kifungu cha 51 kinamtaka mtu aliyetenda ufisadi amlipe aliyepata hasara kwa kiasi cha hasara hiyo. Kifungu cha 52 kinahusu manufaa yaliyopokewa isivyo halali, na kipimo chake ni thamani ya manufaa yenyewe. Kifungu cha 48 kinaongeza faini ya lazima, ambayo ni mara mbili ya manufaa au ya hasara. Hasara, chumo na adhabu, yote katika sheria moja. Mfasiri akiandika "kulipa" katika vifungu vyote vitatu, hakukosea hata mara moja kwa sarufi, na ameiharibu sheria yote.

Kati ya tafsiri zote, "kutapika" ndiyo iliyo karibu zaidi na sura ya neno la Kiingereza, na ndiyo inayowavutia wasemaji. Sababu iko wazi. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi za Afrika, kupata mali isiyo halali ni kula. Mtu hula rushwa, hula mlungula, hula riba, hula fedha za umma. Methali nazo zimekaa katika meza hiyo hiyo: mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, na mla cha mwenziwe na chake huliwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika riwaya yake ya mashindano ya wezi, iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani mwaka 1982, msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kuelezwa uhusiano wa tumbo na wizi. Hali kadhalika Qurani, katika aya ya 10 ya sura ya 4, huwafananisha wanaokula mali ya yatima na watu wanaotia moto matumboni mwao. Tena iko habari ijulikanayo sana katika mawaidha ya pwani, iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari, ya Abubakar aliyekula chakula alicholetewa na mtumwa wake, kisha akaambiwa kwamba kilitokana na malipo ya upigaji ramli. Akatia mkono kinywani akakitapika chote. Ikiwa kuliwahi kuwa na "disgorgement" kwa maana yake ya asili, basi ni hiyo. Kile chakula hakikumrudia mtu, wala Abubakar hakuadhibiwa. Kilimtoka tu, kwa kuwa hakikustahili kukaa mahali kilipokuwa.

Habari hiyo inalipa neno "kutapika" heshima ambayo wanaolidharau kuwa ni la mitaani hawalitambui. Lakini inafichua pia udhaifu wake. Abubakar alijitapisha mwenyewe. Afisa aliyefikishwa mahakamani hatapiki kwa hiari. Hutapishwa, na hapo kauli ya kutendesha na ya kutendwa zinahitajika pamoja ili jambo liwe sahihi: "mshtakiwa ametapishwa". Neno "ametapika" peke yake linaweza kumfanya aonekane kuwa ametubu. Magazeti, kwa haraka yao, hupenda umbo fupi.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Tumbo halitoi zaidi ya kilichoingia, lakini mali huzaa. Mwaka 1993 Baraza la Faragha mjini London liliamua kesi ya Reid, mwendesha mashtaka wa Serikali katika Hong Kong aliyepokea rushwa na kununulia nyumba nchini New Zealand. Baraza lilisema kwamba nyumba zile alikuwa amezishika kwa niaba ya Serikali, hata kama thamani yake imezidi ile rushwa. Mtu aliyekula tonge moja hatapiki sufuria. Na kinyume chake kiko katika kesi ya George Blake, jasusi wa Kiingereza aliyewatumikia Warusi, akafungwa miaka 42 mwaka 1961, akatoroka gerezani London mwaka 1966 na kukimbilia Moscow. Mwaka 1990 kitabu cha maisha yake kilichapishwa London kinyume cha ahadi aliyoiweka alipoajiriwa. Alikuwa ameahidiwa pauni 150,000 na mchapishaji, akapokea kama 60,000; zile 90,000 zilizobaki ndizo zilizogombaniwa, na mwaka 2000 Baraza la Malordi likaamua zisimfikie. Hapo Blake hakutapika kitu. Alipokonywa tonge kabla halijafika kinywani. Yeyote atakayesema "alitapishwa pauni 90,000" atakuwa amesema jambo ambalo halikutokea, na hata kitenzi "tema", ambacho hutosha kwa kitu kilichomo mdomoni bado, kisingemfaa.

Inapasa kuongezwa, kwa njia ya mchapo tu, kwamba Kiswahili kina pia kitenzi "cheua", cha mnyama anayekitoa chakula tumboni, akakitafuna upya na kukimeza tena. Istilahi hiyo haijapendekezwa na mtu, ijapokuwa wako waliorudisha fedha za umma kwa mkono mmoja na kupewa zabuni mpya kwa mkono wa pili ambao ingewafaa.

Wako wanaodai kwamba ugumu wote huu unatokana na dhana yenyewe kuwa ya kigeni, na kwamba Waswahili hawakuwa nayo mpaka ilipoletwa na sheria za Kiingereza. Dai hilo halina ukweli. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ina mlango mzima juu ya mtu anayeshika mali ya mwenziwe kwa nguvu, na Minhaji ya Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu walivyovitegemea makadhi wa pwani. Kiswahili kina neno "ghasibu" kwa tendo hilo. Chini ya madhehebu hayo aliyeghasibu haachiwi kwa kukirudisha kitu chenyewe tu. Akighasibu ng'ombe akazaa, ndama naye hutolewa. Akighasibu nyumba, hulipa kodi ya muda wote aliokaa nayo, hata kama hakuna aliyeikodi, kwa sababu manufaa ya nyumba yanahesabiwa kuwa mali. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi hawakukubali kwa jumla kwamba manufaa hulipwa kwa namna hiyo, na kuhusu faida ya biashara iliyofanywa kwa fedha za kughasibu wanazuoni wamehitilafiana. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hitilafu hizo ni zile zile zilizowakabili majaji wa London na Washington: faida ni ya nani, na mpaka wake ni upi? Neno "manufaa", analolitumia mfasiri wa Nairobi bila ya kufikiri, limetoka katika mjadala huo.

"Kughasibu" hata hivyo ni jina la kosa, na hakukupatikana jina moja la dawa yake. Istilahi nyingine zinazosikika hazisaidii sana. "Kutaifisha", lililozoeleka Tanzania katika habari za mahakama, linaeleza mali inakokwenda, na kumwacha kando mtu aliyenyimwa. Tena lina historia yake ya mwaka 1967, siku za Azimio la Arusha, ambapo waliotaifishiwa hawakuwa wezi. "Kufilisi" ni kumwacha mtu bila ya kitu. "Kutoza" lingefaa lau lisingekuwa limefungamana na kodi na faini kiasi cha kuifanya kila amri kuwa adhabu kabla ya jaji kusema neno. "Kutwaa" ni la wote na si la yeyote: mshindi hutwaa kikombe, na Serikali hutwaa ardhi ya kujengea barabara.

Kiko kitenzi ambacho hakijapewa nafasi inayostahili, nacho ni "vua". Kiswahili humvua mtu nguo, humvua cheo, humvua madaraka. Mkurugenzi aliyevuliwa madaraka hasemwi kuwa ameyarudisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemwibia, na hasemwi kuwa amefidia. Ameondolewa tu kile alichokuwa amekivaa bila ya kustahili kuendelea kukivaa. Katika kitenzi hicho yamo mambo yote yaliyokosekana katika vile vilivyotangulia. Hakidai kwamba kitu kilikuwa cha mwingine. Hakihitaji hiari ya anayevuliwa. Huchukua nguo pamoja na darizi zake, na kwa hiyo nyumba za Reid zimo ndani. Joho linaweza pia kuzuiwa likiwa bado mabegani, halijafungwa vifungo, kama zilivyozuiwa fedha za Blake. Tena kina mpaka, na mpaka huo ndio ule ule uliowekwa katika kesi ya Liu: anayevuliwa huvuliwa alichokivaa, na ngozi yake huachwa. Kupita hapo si kuvua tena, ni kuchuna, na Kiswahili kinayo maneno hayo mawili yakiwa mbalimbali tangu zamani. Faini ya mara mbili iliyo katika kifungu cha 48 ni kuchuna, na hakuna ubaya kuiita hivyo, maadamu Bunge lilikusudia hivyo.

Kama kipokezi cha kitenzi hicho, "chumo" linafaa kuliko "faida". Faida ni neno la hesabu, na hasara ndiyo kinyume chake, hata msomaji akaanza kutafuta ni nani aliyepata hasara. Chumo limetokana na kuchuma, tendo la mkono unaoufikia mti, na kwa hiyo linahusu matunda na kazi iliyoyapata. Hupokea sifa ya halali au ya haramu bila ya kusitasita. "Kuvuliwa chumo", basi, ni kuondolewa ulichokichuma pasipo haki. Na nomino yake, "uvuaji wa chumo", ijapokuwa itawakumbusha wengine kazi ya samaki, haitakuwa istilahi ya kwanza ya Kiswahili kuwa na jamaa baharini. Wale wasemaji na waandishi wa tamthilia wanaopendelea "kutapishwa" hawana haja ya kunyang'anywa neno lao. Jukwaani lina nguvu ambayo "kuvuliwa" hakitaipata kamwe. Mswada wa sheria ni jukwaa la namna nyingine.

Linabaki tatizo moja, nalo ni la mnyambuliko. Kauli ya kutendea ya kitenzi hiki, "vulia", imekwisha kushikwa na kofia: kumvulia mtu kofia ni kumheshimu. Haiwezekani, kwa hiyo, kuandika kwamba mshtakiwa "amevulia" umma chumo lake bila ya kuleta kicheko mahakamani. Mwandishi wa sheria atalazimika kutumia vitenzi viwili, kimoja cha kuondoa na kingine cha kukabidhi: "Mtu yeyote aliyepokea manufaa kinyume cha sheria hii atavuliwa chumo hilo pamoja na mazao yake, baada ya kutolewa gharama za halali, na mahakama itaamuru nani akabidhiwe." Kwa kuitenganisha sentensi hivyo, jaji hulazimika kuyajibu maswali mawili kila moja mahali pake, yaani mshtakiwa anaondolewa nini, na kinakwenda kwa nani. Anayeandika "atarudisha" humruhusu jaji ayajibu yote mawili kwa pamoja, na aghalabu lile la pili halijibiwi kabisa.